Miguu ya Darubini

Pesa ilikuwa laki tatu na elfu arobaini,
ya sare za shule, Januari nzima mguu kwenye pedeli.
Nikaifunga kwenye kipande cha bitana,
nikatoka Mabatini hadi Makoroboi
kumnunulia Nshoma nyota.

Dukani boksi lilikuwa zuri kuliko kilichomo.
Zohali amechorwa na pete zake, mwekundu kama nyanya,
na maandishi makubwa: HUKUZA MARA MIA SITA.
Muuzaji akasema, "Kwa hii, dada,
utaona mpaka nyayo za waliokwenda mwezini."
Nikaigusa kwa kidole kimoja tu.
Miguu yake mitatu ikatetemeka
kama mbuzi aliyezaliwa asubuhi,
ikaendelea kutetemeka
mpaka nikamaliza kuuliza bei,
mpaka akamaliza kuipunguza.

Mimi ni fundi cherehani, si mtu wa anga.
Lakini meza ikicheza, mshono hupinda.
Na tetemeko likikuzwa mara mia sita,
hilo ni tetemeko la ardhi.

Kibanda cha pili alikaa Masalu,
anayepasua kamera zilizokufa.
"Usinunue namba," akasema, bila kuinua kichwa.
"Nunua mdomo.
Mvua ikinyesha kwenu mnakinga kwa chupa?"
Kwa beseni, nikamwambia.
"Basi. Mwanga wa nyota ni manyunyu,
umetoka mbali, unafika matone matone.
Kioo kikiwa chembamba kama shingo ya chupa,
kuza utakavyo, unakuza giza."

Akavuta kutoka chini ya meza
darubini ya macho mawili, nzito, ngozi imebanduka,
jicho la kushoto lina ukungu kidogo pembeni,
na harufu ya dizeli ya meli.
Elfu tisini.
"Mbona haina miguu?"
"Unakaa wapi?"
"Mabatini. Juu, kwenye mawe."
Akainua kichwa sasa.
"Halafu unatafuta miguu?"

Nshoma alinuna.
Alitaka bomba refu la kuinamia,
jicho moja limefumbwa, kama kwenye kitabu cha shule.
Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, umemeza kila kitu.
Akautazama kwa hasira, kisha hasira ikapungua.
"Una mashimo," akasema,
"kama sakafu ya jikoni kwetu."
Akanyamaza. Hakunirudishia darubini.

Siku tisa tukangoja giza.
Ziwani nako walilingoja,
maana dagaa hawaifuati taa palipo na mwezi.
Lilipokuja, karabai zikatapakaa majini
toka Bwiru mpaka macho yanapochoka,
nasi tukapanda jiwe la nyuma ya choo,
lile linalotunza joto la jua hadi saa nne,
tukalaza viwiko.
Jiwe halikutetemeka.

Kilimia, ambacho bibi alikihesabu nyota sita,
kilimwagika
kama kopo la pini juu ya kitambaa cheusi.
Niliondoa macho, nikaona sita.
Nikarudisha, nikashindwa kuhesabu.
Kisha Mshtarii, na ubavuni mwake
vitone vitatu mstari mmoja, kama vifungo vya shati.
Nshoma akasema vinne.
Macho yake bado mapya; nikamwamini.

Zohali alikuwa chini, karibu anazama,
punje ya mchele, si zaidi.
"Pete ziko wapi?"
"Zimebaki kwenye boksi."
Akacheka mpaka viwiko vikateleza
na mbingu yote ikaruka pembeni.

Laki mbili na nusu imo bado kwenye bitana.
Masalu anazungumzia kioo kipana kama sahani,
kasha la mbao, kiti kizito cha kukalisha kasha.
Mbao nitazipata Igoma.
Kioo ni Januari nyingine, labda mbili.

Siku hizi mwezi ukichomoza mapema
Nshoma husimama mlangoni akausonya,
mikono kiunoni,
kama mtu mwenye nyavu.